Mguu wa Klachi

Gari la oto, linalojipangia gia lenyewe, mimi silipendi, na nitasema kwa nini, halafu nitafika kwenye mguu wangu. Gari la oto halikuulizi kitu. Unakaa, unakanyaga, linakwenda, kama mtu anayekubali kila neno na hujui moyoni ana nini. Gari la gia linakujibu. Ukikosea linakukwaruzia mbele za watu. Landrova yangu imenikwaruzia sana tulipokuwa wote vijana, mpaka mke wangu akawa anasema hiyo ndiyo mke mkubwa, yeye kaolewa baadaye.

Naishi Mbalizi tangu ujana, ila kwetu ni Kalenga, Iringa. Shule niliishia la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikichepuka. Barabara ya huku mpaka kule naijua kama mkono unavyoujua mdomo. Najua Uyole ukungu unapolala. Najua ukifika usawa wa njia ya Ubaruku malori ya mpunga yanaingia barabarani bila kuangalia, maana dereva wa mpunga anaamini njaa ya watu wote imo mgongoni mwake, apishwe. Na vijana wa siku hizi wanashuka mteremko wetu wa Mbalizi gia wameitoa, eti wanaokoa mafuta. Wanaokoa mafuta, wanamwaga damu. Mlima unashukwa kwa gia ileile uliyoupandia. Hilo sikufundishwa darasani.

Basi, mguu. Nina sukari. Ilianza ganzi kwenye vidole vya mguu wa kushoto, nikadhani ni viatu. Ikaingia kwenye unyayo. Siku moja niko barabarani nakanyaga klachi, gia haikubali. Kuangalia chini, mguu uko pembeni ya klachi, umekanyaga bati. Umekaa hapo tangu lini, sijui. Jasho lilinitoka, na ilikuwa baridi ile ya Mbeya ya kuvaa makoti mawili.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wanangu wanasubiri neno kama hilo tu wachukue ufunguo. Walishasema, baba pumzika, utapanda basi. Hawajui wanachosema. Mimi si mwalimu, si mchungaji, si diwani. Nikishuka kwenye gari lile mimi ni mzee tu mwenye koti. Nikiwa ndani, watu wa Mbalizi wanasikia mngurumo kabla hawajaliona, wanasema yule anakuja. Likiondoka hilo, kinabaki nini? Kukaa kwenye kiti na kuulizwa kama nimekunywa dawa.

Nikatafuta ujanja. Gari likishakuwa kwenye mwendo, gia zinapangwa bila klachi, kwa sikio tu. Unaachia mafuta, unaitoa gia taratibu, unasubiri injini ishuke mpaka sauti unayoijua, unaingiza. Kazi iko kwenye kuondoka. Hapo nazima injini, naweka gia ya kwanza, napiga stata gari likiwa ndani ya gia. Stata ndiyo inalivuta mpaka injini iwake. Linaruka mara moja kama mbuzi aliyemwagiwa maji, halafu linakwenda. Stata inaumia, betri inaumia, najua. Lakini linakwenda.

Ndivyo nilivyotoka Mbalizi na mke wangu kwenda Kalenga, kwenye kipaimara cha mjukuu wa dada yangu. Pale Igawa trafiki mmoja, binti mdogo, akatusimamisha, akaangalia bima, akasema, "Pita, babu."

Mimi nikazima gari.

"Babu, nimesema pita."

"Napita, mjukuu wangu."

"Sasa mbona unazima?"

"Naipumzisha kidogo. Na yenyewe ni bibi."

Akacheka. Nikapiga stata, tukaruka, tukaondoka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia mbele, kapakata beseni la ndizi za kwao Tukuyu. Mnyakyusa akipiga kelele hana shida. Akinyamaza, jiangalie.

Makambako mke wangu akashuka kuvuka barabara kununua mkate wa kupeleka kwa wifi yake. Mimi nilikuwa nimesimama vibaya, mbele ya basi. Konda akaanza kunigongea bodi.

"Mzee, toa mkoko wako! Tumeshapakia sisi!"

Honi inalia, konda anagonga, mimi namwangalia yeye kwenye kioo. Nikaweka gia, nikapiga stata. Tukaruka. Nikarudisha macho mbele, nikamwona mke wangu. Mikono yote miwili ameiweka juu ya boneti, kama mtu anayezuia ng'ombe, mkate uko chini. Nikakanyaga breki, injini ikafa.

Hakuumia. Alizunguka akaja mlangoni kwangu, akafungua. Konda bado anapiga makelele, akamgeukia, "We mtoto, subiri! Mama yako akigongwa utapiga honi?" Konda akanywea. Kisha mke wangu akaniinamia.

"Mguu una nini?"

"Mguu gani?"

"Mzee, usinifanye mtoto."

"Hauna kitu. Klachi imelegea, fundi ataiangalia."

Alikuwa ameingiza mkono ndani, nikadhani ameegemea kiti.

"Nakufinya," akasema.

"Unanifinya wapi?"

Nikaangalia chini. Kucha zake zilikuwa zimezama kwenye shavu la mguu wangu, na hakuwa ameanza sasa hivi.

Akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Nilimwomba. Nasema kweli, nilimwomba mpaka sauti yangu sikuijua. "Mama, tufike Kalenga tu. Tukifika naacha, nakuapia."

"Na ningekuwa chini ya tairi, ungemwapia nani?"

Pale stendi akapata deiwaka, dereva asiye na gari lake, anayeshika usukani wa watu kwa siku. Mtu mzima mwenye adabu zake, akanipa shikamoo. Lakini amezoea oto. Gia ya pili alivyoiingiza, ililia, na mimi nimekaa nyuma na beseni la ndizi.

"Ngoja ishuke," nikamwambia. "Sasa. Weka."

"Nimeona, mzee."

"Hujaona. Ungeona isingelia."

"Mwache mtu afanye kazi yake," mke wangu akasema bila kugeuka.

Mafinga ikapita, Ifunda ikapita. Nilifumba macho, ikawa mbaya zaidi, maana nilisikia vizuri.

Kalenga dada alisikia mngurumo, akatoka mbio na aproni yake, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. "Kamwene! Kamwene!" anasalimia Kihehe, mikono juu. Akakuta sura nyingine. Akarudi nyuma hatua, akamwangalia mke wangu, uso umekufa rangi.

"Wifi, yuko wapi? Amefariki?"

"Niko hapa," nikasema.

Akachungulia. "Huko nyuma unafanya nini?"

Nikampa beseni la ndizi alipokee.

Deiwaka alirudi kwao. Gari likabaki uwanjani kwa dada, ufunguo ukarudi kwenye pindo la kanga, sisi tukarudi Mbalizi na basi, mguu wangu wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo njia nzima.

Jana dada kapiga simu. Mahindi yamevunwa, anataka uwanja wa kuanikia, na gari limekaa katikati. "Nani anakuja kulitoa?"

"Nakuja mwenyewe," nikamwambia.

Mke wangu alikuwa mlangoni anachagua mchele. Aliendelea kuchagua mpaka nikakata simu.

"Utakwenda na mguu gani?"

"Wa kulia," nikasema.

Miaka ya nyuma, utani kama huo ungemwangusha kwa kicheko. Aliweka ungo chini, akaingia ndani.