Binamu Wawili na Sauti ya Chungu

Yuranis Cassiani alikuwa anapaka watu rangi za kucha barazani kwao mtaa wa Olaya asubuhi, na jioni anagonga kinanda. Kinanda chenyewe kidogo, cha betri, kimetengenezwa kwa ajili ya watoto: kitufe hiki ngoma, kile mbwa anabweka. Mgeni akikiona anacheka. Acheke tu. Mji mzima wa Cartagena muziki wa champeta hauchezwi bila hicho kidude, na vidole vya Yuranis vilikuwa na kasi ya mtu anayehesabu noti za wizi.

Mwenzake alikuwa Deivinson, mtoto wa mama yake mdogo. Huyo anaimba, na mchana anabeba abiria kwa pikipiki. Wakajiita Los Dos Primos, Binamu Wawili. Watu wakawacheka kwamba hilo ni jina la duka la mikate. Wao wakakomaa nalo.

Wimbo uliowatoa ulikuwa "Mbaazi Bado". Kinanda kile kina sehemu ya kunasa sauti fupi ya chochote unachokisogeza karibu, halafu unaigonga kwa vidole, ya chini mpaka ya juu. Siku moja Yuranis akanasa chungu cha presha cha mama yake kikitoa mvuke. Tsss, tsss-tsss. Akakichanganya na besi, Deivinson akaimba juu yake habari za mwanaume aliyewahi chakula kabla hakijaiva. Basi.

Sasa kule kuna utaratibu. Wimbo mkali hauupeleki redioni. Unampa mwenye piko, yaani mwenye ule ukuta wa spika uliochorwa rangi za kuwaka, na yeye anakaa nao peke yake miezi sita. Anayetaka kuusikia aende kwenye piko hilo Jumapili mchana. Wao waliupeleka kwa El Alacrán, piko lenye nge mkubwa wa kijani kifuani, la mzee mmoja anaitwa Eliécer. Eliécer akaja na flashi yake, akauchukua, akasema, "Kwenye kompyuta yenu usibaki."

Deivinson kwa kutaka kuonekana mwanaume wa neno lake akafuta kila kitu. Wimbo, vipande vyake, mpaka kapu la takataka. Na kinanda, ukikizima, kile kilichonaswa kinapotea. Hakubakisha hata kelele.

Wimbo ukashika. Watoto wa shule walikuwa wanafanya tsss kwa midomo njiani. Mwezi wa tatu tangu wampe Eliécer wakapigiwa simu na watu wa Barranquilla: waje wapige laivu kwenye sherehe ya mchana, ndiyo mara yao ya kwanza kutoka nje ya mji. Sharti moja, "Mbaazi Bado" iwepo. Bila huo, wasijisumbue kupanda basi. Siku kumi na mbili zimebaki.

Yuranis akaenda kwa Eliécer kavaa kandambili, hajasubiri hata rangi ya mteja ikauke.

"Mzee Eli, nataka nakala ya wimbo wangu."

"Wako? Miezi sita imeisha lini, binti?"

"Sipeleki kwenye piko la mtu. Nataka niinase ile sauti, nikaupige kwa mkono."

"Njoo Jumapili usikilize kama wenzio. Kiingilio nitakusamehe."

"Wewe umeugonga mhuri wako wa sauti kila baada ya sekunde ishirini, 'El Alacraaaán!' Nitanasa nini pale, kikohozi chako?"

Mzee akacheka. Kisha akasogea. "Kuna njia. Piko langu halina mtu wa kinanda. Njoo wewe, wimbo utakuwa nao kila siku, na Barranquilla nitakupeleka mimi. Peke yako. Hao wa kuimba, mwanangu, sokoni Bazurto wamejaa kuliko samaki."

"Mzee, shukuru una mvi," Yuranis akasema, akaondoka.

Lakini tuseme ukweli, njia nzima alikuwa anafikiria. Aliyeutengeneza ule wimbo ni yeye. Aliyeufuta ni nani? Akamkuta Deivinson anaosha pikipiki, akammalizia hasira zote.

"Ulifuta mpaka takataka, we mjinga!"

"Nilitoa neno."

"Neno! Ungeficha moja kwenye simu ya mama yako, nani angejua?"

"Mimi ningejua, dada."

Hapo ndipo alipozidi kuudhika. Habari ya Eliécer hakumwambia. Akamwambia tu, "Maliza hiyo pikipiki uje."

Wakapika mbaazi, wainase upya ile sauti. Siku nne. Tatizo, mama yake Yuranis, Nilsa, alikuwa kabadilisha mpira wa kile chungu mwezi uliopita, sasa kinapuliza kistaarabu, kama padri anayemwombea mgonjwa. Wakaazima vyungu kwa majirani. Kimoja kinapiga mluzi, kingine kinalia tu. Nilsa akachoka.

"Nyie mtatuua na mbaazi. Mwanangu, hii nyumba sasa inanuka jela."

"Mama, kula."

"Nimekula tangu Jumanne!"

Siku ya tano Yuranis akazima jiko. Akamwangalia Deivinson, mtu aliyeimba juu ya ule mvuke mara mia. "Ufanye wewe."

"Nifanye nini?"

"Chungu. Kwa mdomo."

Deivinson akaona aibu, Nilsa na mteja mmoja wa kucha wakimwangalia. Akafanya. Tsss, na mate yakaruka. Siyo kile chungu. Ila kasi ilikuwa ileile, na kile kijisauti cha mwisho kabla mvuke haujakata, ambacho Yuranis mwenyewe alikuwa kakisahau, alikuwa nacho kooni. Yuranis akanasa. Usiku huo na kesho yake akaugonga wimbo upya kuanzia besi.

Barranquilla, saa tisa, jua linachoma. Waliowahi kwenda kwa El Alacrán walikunja mikono. Mmoja akapayuka, "Siyo wenyewe huo!" "Wenyewe unaimbiwa hapa, kaka," Deivinson akajibu kwenye maiki. Nusu wakacheza tangu mwanzo. Nusu nyingine wakaingia kwenye ubeti wa pili. Wakaitwa tena mwezi uliofuata.

Eliécer akasikia, akaja barazani kanuna. "Mmevunja mkataba."

"Wako unao wewe, hajaugusa mtu," Yuranis akasema, bila kuacha kucha za mteja. "Huu ni wa mate ya binamu yangu."

"Na lile nililokwambia?"

"Lipi?" Deivinson akauliza.

"Alitaka niende kwake bila wewe," Yuranis akasema. "Nikamwambia ana mvi."

Deivinson akavuta kiti, akampa mzee akae.

Wimbo uliofuata ulienda El Alacrán vilevile, maana bila piko Olaya hawachezi. Ila kwa miezi mitatu. Na aliyesema safari hii ni Deivinson: "Mzee, neno langu ni hili. Huko unaupiga wewe peke yako, na nakala moja anakaa nayo Yuranis."

Eliécer akakataa. Wakagombana mpaka saa sita, Nilsa akawatengea wali. Mzee akala, akakubali.