Uwanja wa Mama Mkubwa, Kutoka Angani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tuliporudi Juba kutoka Uganda, mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, wenzangu walitafuta kazi za kuzunguka nchi; mimi nikatafuta kazi yenye kiti. Nikaipata: kutazama picha za setilaiti kwenye kompyuta na kupaka rangi penye miti, penye majani, palipoungua, ili wakubwa wajue swala wamebakiwa na malisho wapi. Swala mwenyewe nimemwona kwenye kalenda tu.

Vidoa vyeupe nilifundishwa kuviandika "ardhi iliyoharibiwa na watu". Siku moja, nikifanyia kazi nyumbani (ningefanyia wapi?), nikamwonyesha mama kijiji cha dada yake, ambaye hata vita vya zamani havikumkimbiza.

"Hiki cheupe ni nini?"

"Uharibifu."

"Uharibifu mdomo wako! Huo uwanja wa mama yako mkubwa. Anaufagia kila asubuhi, nyoka asipate pa kujificha."

"Malesh, mama," nikaomba radhi. Kumbe nilikuwa nimeutangaza ukoo mzima kuwa janga.

Kisha vita vikarudi, simu za kule zikanyamaza. Mama, aliyezoea kuniita mlinzi wa kiti, akaanza kuniletea chai na kuulizia picha mpya. Watu wanaomba mvua, yeye anaomba mawingu yaipishe setilaiti.

Picha ikaja. Viwanja vyote vimeota majani, isipokuwa kimoja.

"Anafagia!" Mama akapiga vigelegele. Halafu akaikaripia skrini: "Wenzako wote wameondoka, wewe unamfagilia nani? Toka hapo!"

Katika picha iliyofuata, uwanja huo nao ulikuwa kijani. Mkubwa wangu ofisini akafurahi kwamba uoto unarudi vizuri. Nyumbani mama hakula. Majani hayakusema kama mtu ameondoka au amelala chini yake.

Tukakaa hivyo mpaka mama mkubwa aliposhuka kwenye lori la mkaa pale soko la Jebel, hapa Juba, amekonda, mdomo uleule. Nikamfungulia picha kwa majivuno.

"Kwa hiyo ulikuwa unanichungulia?"

"Nilikuwa nakulinda, mama mkubwa."

"Ukiwa umekaa?"

Mama akacheka hadi akashika ukuta. Mama mkubwa hakucheka. Aliniambia niikuze picha, niikuze tena, akaugusa ule ukijani kwa kidole.

"Majani yote hayo uwanjani kwangu," akasema, "na mimi niko hapa nakunywa chai."