Anayesimama Nyuma ya Shiru

Kavindu Musili ana miaka ishirini na tisa, na timu nzima humwita Mathe, yaani mama. Hajaolewa wala hajazaa. Lakini wenzake ni watoto wa chuo, na machoni pao mtu mwenye kazi ya kudumu huko Upper Hill ni mzee tu, hakuna cha kujitetea.

Kazi yenyewe ni kupanga faili katika ofisi ya bima. Asubuhi anasalimiwa na askari wa getini, mchana anakula peke yake, jioni anafungua chumba chake cha Kangemi na kuwasha redio ili kuwe na mtu anayeongea. Mama yuko Mwingi, hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Tusifichane: wiki nzima inaweza kupita bila mtu kumshika Kavindu hata bega.

Jumamosi ndiyo siku yake. Katika ukumbi mmoja wa kanisa, Loresho, wanafanya mazoezi ya ushangiliaji, na usidhani ni ule wa kutikisa makaratasi pembeni mwa uwanja wanaume wakicheza raga. Hawa wanashindana wao wenyewe, mbele ya waamuzi. Wawili, wanaoitwa beisi, wanachuchumaa na kushika nyayo za flaya, yaani yule mwepesi anayepandishwa juu; kwao ni Shiru. Wa nne anasimama nyuma, na huyo ndiye Kavindu. Anahesabu kwa sauti, anamkamata Shiru vifundo vya miguu na kumsukuma juu, na Shiru akianguka, kichwa chake na mabega ni mali ya Kavindu. Ni yeye pia mwenye ruhusa ya kusema "shuka", na akisema hakuna anayebisha.

Jumanne moja kazini alinyanyua sanduku la faili vibaya, na kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuuma. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano. Sheria ya kocha Nashon aliijua: mwenye maumivu anakaa kando, na nafasi yake inapewa mwingine kwa msimu mzima. Basi akajichua kwa dawa, akavaa sweta ya mikono mirefu, akanyamaza.

"Tano, sita, saba, nane," akahesabu Jumamosi. Shiru akapanda, akasimama kwa mguu mmoja juu ya mikono ya beisi. Kifundo kikachoma, vidole vya Kavindu vikalegea.

"Shuka!"

Wakamshusha salama. Nashon akasogea.

"Nini mbaya?"

"Ni mimi, koch," Shiru akawahi kusema. "Nimekunja goti. Mathe ameona nikiyumba. Pole, Mathe."

Goti halikuwa limekunjwa. Msichana wa watu alijilaumu kwa sababu hakuwahi kufikiria kwamba mikono ile ingeweza kumwacha. Kavindu angeweza kuacha maneno yaishie hapo, na alitaka, tena sana. Angebaki na Jumamosi zake zote.

"Goti ilikuwa sawa," akasema. "Ni mkono yangu. Inaniuma tangu Tuesday."

Nashon hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alimwita Veronicah, mmoja wa wachezaji wa akiba, aje asimame nyuma, kisha akamwonyesha Kavindu kiti cha plastiki kilichokuwa mbele ya ukumbi.

Veronicah akahesabu kwa sauti nyembamba. Shiru akapanda, akasimama, akamaliza hesabu zote nane bila kutetemeka. Miaka miwili, kila Shiru alipokuwa juu, Kavindu alikuwa ameona visigino vyake na mgongo tu. Leo aliuona uso. Ulikuwa umejaa kicheko, na ulikuwa mzuri ajabu. Wakamdaka, wakakumbatiana wote wanne wakirukaruka.

Kavindu akampigia makofi kwa kupiga paja, kwa mkono wa kushoto. Alifurahi, kweli alifurahi. Hakuna aliyegeuka kumtazama, naye hakutaka wageuke, maana alikuwa analia.