Dobi wa Tabora aliyekwenda Dar kwa kupitia Mwanza

Saa moja asubuhi, na chumba cha dobi cha hospitali moja mjini Tabora kimeshajaa mvuke. Minza Shilinde anaopoa shuka kutoka kwenye pipa la maji ya moto, anashika ncha moja, na mwenzake Zuena anashika nyingine. Wanalikamua kwa kulizungusha, kila mmoja upande wake, kisha wanalitupia kwenye toroli. Mikono yao imezoeana.

Minza ana miaka hamsini, na nusu yake ameitumia humu ndani, kati ya mapipa, jiki na pasi. Mashine ya kufulia ipo, lakini mashuka ya wodi ya wazazi huyafua kwa mkono wake kwanza.

"Mama aliyejifungua akilala kwenye shuka safi anajisikia ni mtu," anasema. "Mimi mwenyewe nimelala kule. Najua."

Wiki hii amerudi kutoka likizo, na wenzake wamempa jina jipya, Mama Ndege. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na ndege aliyokatiwa tiketi haikuja.

Ili kuielewa safari hiyo, inabidi kurudi nyuma miaka ishirini na minane. Wakati huo Minza alikuwa msichana aliyetoka Nzega kuja mjini kutafuta kazi. Aliipata mtaa wa Gongoni, katika nyumba ya Maniben na mumewe, wafanyabiashara wa vitambaa wenye asili ya Kihindi. Maniben alizaliwa Tabora, na wateja wake wa kijijini aliwaamkia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", kabla hawajamwamkia yeye. Ndiye aliyemfundisha Minza kupiga pasi hariri bila kuiunguza.

Mwaka ule wote wawili walikuwa wajawazito. Maniben alitangulia kujifungua mtoto wa kiume, Nishant. Majuma machache baadaye Minza alishikwa na kifafa cha mimba akiwa jikoni.

"Nakumbuka nilikuwa nakuna nazi," anasema. "Baada ya hapo sikumbuki kitu."

Maniben ndiye aliyemfikisha hospitali. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama yake alilala siku nyingi bila fahamu. Mtoto alilia kwa njaa, maziwa ya kopo hayakumkaa tumboni, na ndugu wa Minza walikuwa bado njiani kutoka Nzega. Maniben alimchukua, akampakata, akamnyonyesha pamoja na mwanawe.

"Nilipozinduka nilimkuta mwanangu amenenepa," Minza anasema, na kicheko kinamtoka. "Nikauliza, huyu ni wa nani?"

Mtoto huyo ni Consolatha, ambaye sasa ni muuguzi Dar es Salaam. Maniben naye alihamia Dar baada ya kufiwa na mume. Mwezi uliopita alimpigia Minza simu kumwambia kwamba Nishant amekuja kumchukua wakaishi wote Uingereza, na wangeondoka Jumamosi alasiri.

Minza aliomba likizo yake ya mwaka siku hiyo hiyo. Consolatha akamtumia tiketi ya ndege ya Ijumaa, ili mama yake apate usiku mzima na Maniben, kisha abaki Dar kupumzika.

Ijumaa asubuhi Minza alifunga nyumba yake Ipuli, akachukua dumu la asali aliyoagiza Sikonge, akafika uwanja wa ndege kabla hata mlango haujafunguliwa. Saa ya safari ikafika, ikapita. Abiria wakaambiwa ndege imechelewa. Baadaye wakaambiwa ina hitilafu na bado iko mji mwingine. Jua lilipoanza kuinama, likaja tangazo la mwisho. Safari imefutwa.

Watu walilizingira dawati la tiketi. Mmoja alipiga meza, mwingine akataka kumwona mkubwa wa mahali. Minza alikaa kwenye benchi na dumu lake miguuni mpaka walipobaki wachache.

"Kijana wa watu alikuwa anatoka jasho," anasema. "Nikajiambia, si yeye aliyeiharibu ndege."

Kijana huyo anaitwa Eliya. Alimwamkia Minza shikamoo, akatazama kompyuta yake, akatikisa kichwa. Ndege ya Jumamosi ilikuwa imejaa. Kiti kilichopatikana kilikuwa cha Jumapili.

"Jumapili atakuwa ameshaondoka, mwanangu," Minza alimwambia.

"Nani, mama?"

Akamweleza. Hakumficha kitu, kuanzia nazi ya jikoni mpaka maziwa ya Maniben. Eliya alisikiliza, kisha akavuta kiti na kuanza upya. Alipiga simu mbili, akasubiri, akapiga ya tatu.

"Mama, kesho unaweza kufika Mwanza kabla ya saa tano asubuhi?"

Minza alidhani amesikia vibaya. Mwanza iko kaskazini na Dar iko mashariki. "Niende Dar kwa kupitia Mwanza?"

"Kule kuna kiti kimoja cha mchana. Nakubadilishia tiketi sasa hivi, huongezi chochote. Gari tu ndiyo utafute."

Gari lilipatikana pale pale. Modest, mwalimu wa sekondari aliyekuwa amekwama na mkewe mwanzoni mwa likizo yao, alikuwa ameshaamua kuendesha mwenyewe hadi Mwanza kulala kwa shemeji yake, Dar wataiona mwaka mwingine. Alikuwa amesimama nyuma akisikia yote.

"Mama, sisi tulitaka kuondoka mchana," alisema. "Basi tutaondoka alfajiri."

Wakaondoka alfajiri. Walipopita Nzega, Minza aliitazama njia inayoingia kijijini kwao na hakuomba kusimama. Mke wa Modest alimpa mihogo ya kuchemsha na kumwambia ale, maana ndege haipandwi na njaa. Mwanza wakamshusha mlangoni mwa uwanja na kungoja hadi alipoingia.

Ndege ya Mwanza nayo ilichelewa, kwa bahati si sana. Minza anasema hakuogopa kupaa. Alichoogopa ni saa.

Dar es Salaam, Consolatha alimpokea, wakabeba mzigo mbio hadi jengo la safari za nje. Njiani binti alimwambia mambo si mazuri, kwani abiria walikuwa wanakaribia kufungiwa.

Walimkuta Maniben nje, amekaa juu ya sanduku lake kubwa. Nishant alikuwa amesimama pembeni na pasi za kusafiria mkononi.

"Mama mdogo, shikamoo," Nishant alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza. "Amekataa kuingia. Anasema haingii mpaka akuone."

Minza alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, kama wanawake wa kwao wanavyoamkia wakubwa. Maniben akamshika mabega, akamwinua.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula mihogo, mama."

"Haya. Basi ni vizuri."

Minza alikuwa amepanga maneno tangu Tabora, na yote yalimpotea. Alichoweza kusema ni, "Mama, ahsante kwa mtoto."

Maniben alimtazama Consolatha, akamgusa shavu. "Alikuwa ananyonya kuliko Nishant," alisema. "Mimi ndiye niliyefaidi. Alinishughulisha, nikakosa nafasi ya kulala nikiwaza kwamba utakufa."

Hapo wote wanne walilia, na Nishant ndiye aliyezidi. Dumu la asali lilivingirishwa kwenye kanga ya Minza na kusukumwa katikati ya nguo ndani ya sanduku la Maniben. Kisha mlango ukawameza, mama na mwanawe.

Kwa Minza, mkutano ule uliokwisha kabla hata haujaanza ulitosha. Aliporudi Tabora alipita uwanja wa ndege kumshukuru Eliya, na mwalimu Modest amemwalika nyumbani kwake. Zuena, aliyebeba zamu zake zote, ameletewa kitenge.

"Watu walinibeba," anasema. "Ndege ilikuwa sehemu ndogo tu."

Sasa ana mpango mwingine. Consolatha ni mjamzito, anatarajia kujifungua Desemba, na kwa historia ya mama yake madaktari wanamfuatilia kwa karibu. Maniben ameahidi kurudi Dar mwezi huo, kuukimbia ubaridi wa Uingereza na kumwona mtoto. Minza ameshazungumza na msimamizi wake kuhusu likizo.

"Siku ile hatukupata hata nafasi ya kukaa chini," anasema, akilitandaza shuka jingine mezani na kunyoosha mkono kuchukua pasi. "Desemba nataka tukae tu, tuongee, mpaka chai ipoe tuipashe tena."