Sahani ya Shangazi

Nyumbani kwetu Malindi wanawake walikula sinia moja. Wali ukishapakuliwa na mchuzi wa samaki aina ya changu kumwagwa katikati, mnofu mzuri haukukaa mahali pamoja: nyanya aliusukuma kwa mama, mama akaupeleka kwa shangazi, shangazi akaurudisha, mpaka mmoja akashindwa na kuula. Hivyo ndivyo tulivyopendana, kwa ncha za vidole.

Kisha shangazi, dada yake baba, akarudi kutoka hospitali ya Mombasa akiwa amebaki na ziwa moja kifuani. Uvimbe alikuwa nao muda mrefu. Hakuushughulikia kwa kuwa haukumuuma, na sisi sote tuliamini kwamba ugonjwa mkubwa lazima uume. Daktari alimwagiza ale ashibe, apate nguvu, maana angeitwa tena kutibiwa.

Adhuhuri ya siku aliyorudi nyanya alimwekea sahani yake peke yake. Ilikuwa sahani ya maua, ya wageni.

"Upumzike, mwanangu," alimwambia. "Usibanwe na watu."

Shangazi alielewa. Mama alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu, na jirani yetu alikwisha kupita na maneno yake: saratani ya ziwa hutafuta ziwa jingine, hupitia mkononi, hupitia kwenye wali. Hakuna aliyebisha. Nyanya hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na binti mgonjwa na mjukuu mchanga, akajaribu kuwalinda wote kwa sahani moja.

Shangazi akawa anakula karibu na dirisha, ametupa mgongo. Alikula matonge machache, akasukuma sahani. Alikuwa hajazoea kula bila mtu wa kushindana naye. Akakonda, mpaka bangili zikamteleza hadi kwenye vidole. Jirani akamtazama, akamnong'oneza nyanya nami nikisikia:

"Kisu kimeuamsha ugonjwa. Waona? Sasa wamla."

Mama pia alisikia.

Siku ya kumpeleka mdogo wangu kliniki kupimwa uzito, nilifuatana na mama. Mtoto akiwa bado ananing'inia kwenye mizani, mama alimuuliza muuguzi kwa sauti ya chini kama ugonjwa ule huambukiza.

"Hauambukizi," alisema muuguzi. "Si kwa chakula, si kwa kugusana, wala si kwa maziwa. Mgonjwa ni nani?"

"Wifi yangu."

"Anakula vizuri?"

Mama alimvisha mtoto taratibu, kifungo baada ya kifungo, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani alipakua sinia kama kawaida, kisha akaenda dirishani, akaichukua sahani ya shangazi na kuimwaga yote katikati ya sinia.

"Wifi! Chakula changu!"

"Kiko hapa, kifuate. Nimechoka kukuoshea sahani kama bibi harusi."

"Wanionea wivu?"

"Wivu wa nini, mifupa hiyo?"

Shangazi alicheka, mkono kifuani pale kidonda kilipokuwa kikimvuta. Lakini hakuinuka. Alimtazama mama yake.

"Wewe wanyonyesha," nyanya alimwambia mama.

"Nanyonyesha, mama. Nimeuliza kliniki. Hauambukizi."

"Kliniki wanajua nini cha nyumba yangu?"

"Cha nyumba yako hawakijui. Cha ugonjwa wanakijua." Akamgeukia shangazi. "Njoo, wifi. Wali unapoa."

Shangazi akaja. Akakaa pembeni mwa mama, bega kwa bega, na mdogo wangu akamshika bangili. Nyanya alijipakulia wali kidogo kwenye bakuli, akaenda kula jikoni. Hatukumzuia, na alikula huko siku nyingi. Hofu aliyokuwa nayo tangu usichana wake haikuweza kumtoka kwa neno moja la muuguzi.

Shangazi alitia mkono. Alikula polepole, kisha si polepole tena, akaanza kuchota hata upande wa mama. Alipoumaliza wali akalamba kidole, akainua uso.

"Mchuzi umebaki?" aliuliza.