Mchezaji wangu kaenda kilioni kwa adui, na sheria za gemu zimeniishia

Wakuu, salamu kutoka Baraka, Fizi, Kivu Kusini. Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu kichwa kimejaa, na ninachosimulia kimetokea mezani kwangu. Chumvi sijaongeza.

Nisomeni taratibu, maana hata mimi sijakielewa vizuri.

Nina kibanda cha fotokopi karibu na soko. Jumapili watu wakitoka kanisani nafunga mlango wa mbele, tunacheza nyuma. Ni gemu ya kuigiza, ya mezani. Hakuna simu wala skrini. Mmoja anasimulia dunia ya kubuni, wengine kila mtu ana mhusika wake, na mambo yakiwa magumu tunarusha dadu.

Msimulizi ni mimi, ndiyo maana wananiita Maître. Sheria nilizipata kwenye PDF ya Kifaransa, nikaichapisha mwenyewe. Ndiyo faida ya kuwa na mashine.

Wachezaji wangu wa kudumu ni wawili. Etabo anabeba abiria kwa pikipiki kwenda Misisi, njia ambayo mgongo unaniuma nikiitaja tu. Nestor ni mkimbizi kutoka Burundi, analima mihogo, na maneno yake ni machache.

Sasa shida yenyewe.

Kwenye gemu kuna faction, yaani makundi. Ukilisaidia kundi, sifa yako kwao inapanda, na ikifika juu wanakupa zawadi. Ila ukipanda kwa hawa unashuka kwa maadui zao. Ndivyo PDF inavyosema. Mimi nilitumia maharagwe: kila kundi kikombe chake, kila pointi ya sifa punje moja. (Kuna wakati panya walikula sifa zetu, Etabo anadai fidia mpaka leo.)

Makundi yangu yalikuwa mawili. Wachimbaji wanaishi pangoni, na Watu wa Kina ni nusu samaki. Nilikwepa makusudi ng'ombe, milima na makabila. Mlio mbali mtauliza kwa nini. Wa huku hawaulizi, vita vyetu wanavijua.

Etabo alikuwa anaitaka nyundo ya Wachimbaji, ile inayofungua mlango uliowashinda tangu mvua zianze. Basi wakawasaidia Wachimbaji vitani kando ya ziwa, na chifu wa Watu wa Kina akafia pale. Kikombe cha Wachimbaji kikajaa. Kilichobaki ni kwenda pangoni kuchukua nyundo.

Nikawauliza wanafanya nini. Etabo akasema pangoni, haraka.

Nestor akasema mhusika wake anaenda kwenye kilio cha chifu.

Nilidhani anatania. Akauliza kama njiani kuna kuni. Nikasema zipo. Akasema anafunga mzigo, anaubeba kichwani, anaenda kukaa na wanaume wa kule kwenye moto wa kilio.

Nikafungua PDF, nikapekua mbele na nyuma. Kilio hakimo. Adui ni adui. Basi nikasema Watu wa Kina wanamfukuza, kwa kuwa yeye ni wa upande uliomuua chifu, na Wachimbaji nao wamekasirika. Nikatoa maharagwe kikombeni mwao. Nyundo ikaenda na maji.

Etabo alipandisha hasira. "Nestor, utatuua. Bale ni baadui. Unaenda kulilia adui?"

Nestor akaniuliza mimi: "Maître, bananifukuza na kuni ku kichwa?"

Nikasema ndiyo, ni sheria. Akavaa kofia yake, akatuaga vizuri, akaondoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia. Etabo alisema aende zake, lakini yeye mwenyewe hakuwa na raha, na gemu ya watu wawili inageuka soga. Halafu nikasikia mtaani kwamba Nestor anafikiria kurudi Burundi. Wakuu, iliniuma. Rafiki aondoke hatusemeshani kwa sababu ya maharagwe?

Nikamfuata shambani. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichanganya zaidi. Alinipa mahali pa kukaa, akaendelea kulima, kisha akaniuliza tulijuana wapi. Nikajibu bila kufikiri: kibandani, ulileta karatasi kutoa kopi.

Akatikisa kichwa.

"Mi nilikuonaka ku kilio ya baba yako. Nilikuwa nimefika tu huku, sijue muntu. Niliona batu bamekaa, nikaenda kutafuta kuni, nikakaa nabo. Mama yako akanipatia sahani. Hakuna mwenye aliniuliza mi ni wa nani."

Akalima kidogo.

"Mu dunia yako, Maître, mi bangenifukuza."

Mimi simkumbuki kabisa. Kwenye kilio cha baba niliona miguu ya watu tu, kichwa sikuinua. Na wakati ule wageni walikuwa wanaangaliwa kwa jicho la pembeni, wa huku wanajua.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama, aliyekuwa anaanika ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Hakumkumbuka Mrundi yeyote. Nikamuuliza sasa chakula alimpaje mtu asiyemjua. Akaniangalia kama mgonjwa.

"Si alikuwa amekaa na siye?"

Akarudi kwenye ndagala zake.

Jumapili hii Nestor amerudi. Ya Burundi anasema bado hajaamua, na mimi simbani. Kabla sijafungua mdomo Etabo, ambaye nilimsimulia ya shambani, akasema mhusika wake naye anatafuta kuni. Aliisema huku amekunja uso, maana nyundo bado inamuuma.

Mimi nikafuta yale ya kufukuzwa. Basi alasiri nzima tumekaa kwenye kilio cha chifu nusu samaki. Dadu hazikurushwa. Etabo aliimba wimbo mmoja wa Kibembe wa msibani, Nestor akaitikia asiyoyajua. Sijawahi kuongoza gemu isiyo na vituko kama ile, na hakuna aliyetaka kwenda kwao.

Mwisho wakaniangalia mimi. Pointi?

Maharagwe ninayo mkononi, vikombe viko mbele yangu. Nikiwapa, basi walikwenda kutafuta faida, na namjua Etabo, kuanzia sasa atahudhuria kila kilio cha kila zimwi. Nisipowapa, nimesema kilio si kitu. Nikayatia mfukoni, na mpaka naandika hapa bado yamo.

Nilichojifunza ni kidogo. Ile PDF inajua mtu anavyopata marafiki kwa kazi na kwa vita. Namna Nestor alivyoingia kwetu haiijui, na mimi niliyekuwepo sikuijua pia.

Mnaoongoza gemu hizi, njooni mnisaidie kuandika sheria. Na msiocheza pia, kilioni mmefika wote, semeni: kukaa ni pointi ngapi?