Nyama Niliyomtafunia

Shavu la binti yangu lilianza kuvimba akiwa na miaka minne, na mimi kwa ujuaji wangu nikalikanda kwa maji ya chumvi wiki mbili nzima, nikidhani ni jino. Taya likazidi kujaa, magego yakalegea. Ndipo mama mkwe wangu aliponifokea uani kwetu Temeke, mbele ya wapangaji wote: "Unangoja nini, wewe? Mtoto anakwisha!"

Hospitali kubwa ya mjini wakasema ni saratani. Dawa ipo, ya kuchomwa mshipani, lakini mtoto ale, la sivyo hatahimili dozi ya pili.

Nilimuuliza daktari imetoka wapi. Alikuwa kijana mpole, akanipa ukweli mwingi kuliko niliouomba. Wanadhani ni kirusi, alisema. Kinaingia kwenye seli za damu na kuishi humo kama mpangaji. Kwa watu wengi hukaa kimya hadi siku yao ya kufa. Lakini mtoto akipigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili huchoka, mpangaji anageuka mwenye nyumba, na zile seli huanza kuzaana bila kukoma.

"Kinapitia wapi, ndugu daktari?"

"Kwenye mate, mama."

Tangu aanze kula, mtoto huyu alikula nyama niliyoitafuna mimi kwanza, kama mama yangu alivyonitafunia.

Siku tatu sikumtafunia kitu. Kwa dozi ya kwanza uvimbe ulianza kupungua, lakini uji aliutema na mbavu zikahesabika. Mama mkwe alileta nyama ya kuchemsha wodini, akajitia kipande mdomoni amtafunie, nikampokonya bakuli. Mama mkwe wangu! Aibu ile ninayo hadi leo.

Daktari alitukuta tunavutana.

"Kirusi anacho tayari, mama. Mimi ninacho, na bibi huyu anacho. Sasa hivi kinachonitisha ni njaa. Kapige mswaki, umtafunie."

Nilipiga mswaki, nikarudi kitandani kwake. Binti alinitazama, shavu moja kubwa, jingine limebonyea.

"Mama, nitafunie."

Nikatafuna huku nalia, nikimchukia kila mtu aliyekuwa wodini, nikianza na mimi mwenyewe. Akameza, akaachama tena.

Jumatatu alichomwa dozi ya pili akiwa ameshiba.